Mwaka Nilioimba Sehemu ya Owino

Tulipomzika Owino walipiga wimbo wangu. Ndivyo dada yake, Akinyi, alivyoutambulisha kwenye maiki: wimbo wa Mutinda, rafiki wa marehemu tangu ujana, msanii ambaye nyote mnamjua. Nilikuwa nimekaa kwenye tenti ya wageni na sahani ya wali na nyama mapajani, na sauti yangu mwenyewe ikaanza kunguruma kutoka kwenye spika mbili walizokodi mjini. Wazee walitikisa vichwa kwa adabu, wakivumilia kelele za gitaa kwa ajili ya msiba. Mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza kama kweli vyombo vyote vile nilivipiga mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema Mungu alinikumbuka siku ya kugawa vipaji. Niliendelea kula, maana sikujua kitu kingine cha kufanya na mdomo wangu.

Swali la mzee yule nimelijibu kwa miaka mingi, redioni, kwenye tamasha, na kwa vijana wanaonifuata baada ya shoo wakitaka kujua mtu mmoja anawezaje kupiga ngoma, besi, gitaa na kinanda, halafu aimbe juu yake roki nzito ya kupasua koo. Huwa nawaambia nililelewa kanisani, na kanisani mpiga ngoma asipokuja unakaa kwenye ngoma, wa besi akisafiri unashika besi. Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo sababu nimejificha nyuma yake kwa raha zangu. Nusu ya pili sijawahi kuisema. Kazi ya kufanya kila kitu peke yangu niliianza mwezi wa kwanza mwaka elfu mbili na nane, kwa sababu mtu niliyekuwa nikifanya naye nilimfungia mlango. Na wimbo uliopigwa kaburini kwake, ule ulionipa jina, aliutunga yeye na alipaswa kuuimba yeye. Naona aibu kuandika hivyo, na ningeona aibu zaidi kama ningekuwa na ujasiri wa kuyasema siku ile mbele ya mama yake.

Mwaka mmoja kabla ya fujo za uchaguzi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiishi Kawangware kwenye ploti ya Mama Wangari. Ukoo wa mume wake ulikuwa na ardhi pale tangu Kawangware ikiwa mashamba, na sasa pale palipokuwa na mihogo palisimama vyumba vya mabati, safu mbili zikitazamana, na uani kwa nyuma stoo ya mawe aliyowahi kuwekea chakula cha kuku. Mama Wangari alikuwa mzee wa kanisa nilimopiga kinanda kila Jumapili, na stoo ile alinipa kwa masharti mawili: nisipige kelele kabla hajanywa chai ya asubuhi, wala wakati akina mama wa maombi wamekuja. Tulipigilia trei za mayai ukutani, juu hadi chini, ili sauti isitoke. Zilisaidia kidogo. Harufu ya chakula cha kuku haikutoka kamwe, na hata leo nikipita karibu na duka la mifugo vidole vyangu hutafuta nyuzi. Ngoma za kanisa zililala humo katikati ya wiki, kwa kuwa kanisa halikuwa na kufuli la kuaminika, na ngoma zilizomsifu Bwana Jumapili zilipigwa Jumanne kwa namna ambayo mchungaji angetufukuza.

Owino nilimpata kanisani pia, ingawa hakuja kuomba. Alikuja kutengeneza amplifaya. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alipomaliza kuchomea nyaya aliijaribu kwa gitaa lake jeusi, akaongeza sauti hadi spika ikaanza kukwaruza, na badala ya kuipunguza akatabasamu. Mashemasi walikunja nyuso. Mimi nilihisi nywele za mikono zikisimama. Kuanzia wiki ile akawa anatembea kutoka kwao Makina, kule Kibera, anavuka Barabara ya Ngong na kuja hadi kwetu na gitaa mgongoni ndani ya gunia. Alinifundisha gitaa, nikamfundisha kinanda. Lakini kuimba hatukufundishana, kwa sababu kila mmoja wetu alijua mwimbaji ni nani. Owino alikuwa na sauti iliyoanza chini kabisa, ya kukwaruza, na ilipopanda haikupiga kelele, ilifunguka. Mimi niliweza kushika noti, basi.

Nyumba yao Makina ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia, na mlangoni, penye mwanga, cherehani ya mama yake ya kukanyaga kwa mguu. Mama Owino alishona sare za shule, na kanzu za majirani wa msikitini, na alituandalia chapati na ndengu bila kuuliza kama tuna njaa. Jirani yake Mnubi alizoea kuleta gurusa, mikate yao myembamba, nasi tulikula vyote viwili huku mama akiendelea kukanyaga. Adhana ikilia Owino aliweka gitaa chini, na mama naye alisimamisha cherehani ingawa alikuwa mtu wa kanisa, akisema mguu nao unataka kupumzika. Siku moja, adhana ilipokwisha na cherehani ikaanza tena, Owino aliacha kutafuna. Akaniambia nisikilize. Akachukua gitaa, akazibana nyuzi kwa kiganja na kuanza kuufuata mguu wa mama yake, ta-ka-ta-ka-ta-ka, mzito na wa haraka, na mama alipofika mwisho wa mshono na kupunguza, naye akapunguza. Mama alicheka hadi akatoboa kidole. Wimbo wa Cherehani ulizaliwa hivyo, nikiwa na ndengu mdomoni. Beti zake zilikuwa kwa Kijaluo. Alinieleza maana yake: ziliorodhesha nguo zote ambazo mama yake ameshonea watu wengine, sketi ya mtoto wa fulani, kanzu ya arusi ya fulani, na mwisho zilimuuliza yake ataishona lini.

Tulianza kurekodi nyimbo sita kwenye kompyuta kuukuu niliyonunua kwa ofisi iliyofunga. Kazi yenyewe hufanywa hivi: mwimbaji huimba kwanza haraka haraka, bila kujali makosa, na hiyo inaitwa sauti ya kuongoza, guide kwa Kiingereza. Mpiga ngoma huivaa masikioni kwenye hedifoni ili ajue yuko wapi katika wimbo. Kisha besi, kisha gitaa, na mwisho kabisa mwimbaji anarudi kuimba kwa dhati, na ile ya kwanza inatupwa. Kufikia Desemba tulikuwa na kila kitu isipokuwa sauti ya dhati. Owino alikuwa na mafua, na mitaa yote ilikuwa imejaa misafara ya kampeni. Akaacha gitaa lake stoo, akisema si vizuri kutembea na kitu kirefu kwenye gunia wakati watu wana wasiwasi, na kwamba sauti tutamalizia tukifungua mwaka. Tulipeana mikono langoni. Alikuwa na sauti ya mafua, na tulimtania Mama Wangari kwamba hata yeye anaweza kuimba vizuri kuliko Owino.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, fujo zikaanza siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo siwezi kuieleza nchi, naweza kueleza ploti tu. Maduka yalifungwa. Kupitia mabati nilisikia wanawake wakiulizana kuhusu unga, na wanaume wakitaja barabara zisizopitika kwa sauti ya watu wanaosoma orodha. Vijana walisimama kwenye kona wakimuuliza kila mpita njia jina lake, ili wajue kabila lake. Mimi jina langu lilinipitisha. Mkamba wakati ule hakuwa adui wa mtu yeyote mtaani kwetu, na nilipotamka Mutinda, mtu wa Machakos, walinipungia mkono nipite, nami nilijiona mwerevu kana kwamba jina hilo nilijichagulia mwenyewe. Mama Wangari alipika githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria kubwa ya kanisa akagawia ploti nzima, Waluhya wa chumba cha tatu wakiwemo, waliohesabiwa upande mmoja na Wajaluo, ambao walikuwa hawajathubutu kutoka nje kwa siku mbili. Kama ningekuwa na macho ningeliona jambo hilo na kulielewa. Nilichukua githeri yangu na kurudi stoo.

Stima haikupotea, taa ziliwaka siku zote. Nilikaa mle ndani mchana kutwa kwa kuwa ukuta wa mawe ulinipa usalama, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nilivaa hedifoni nikamsikiliza Owino. Siku ya kwanza niliimba pamoja naye kwa kunong'ona. Siku ya pili nikawasha maiki, kuijaribu tu. Nikasikiliza nilichorekodi, na haikuwa mbaya. Nikaimba tena, na safari hii nikaipunguza sauti yake kidogo masikioni ili nijisikie mwenyewe, halafu nikaipunguza tena. Katika sauti yangu niligundua mahali ambapo sikuwahi kupajua, mahali pa kukwaruza kama pake. Nje watu walikuwa wakifukuzwa majumbani mwao, na mimi nilikuwa na furaha. Hili ndilo linaloniuma zaidi ya yote nitakayoyasema, kwamba nilikuwa na furaha. Nilirudia kiitikio mara kumi na kila mara nilitamani kuwe na mtu wa kunisikia.

Siku ya tatu, saa nane mchana, Owino akapiga simu. Alikuwa anaongea chini chini. Safu yao ya nyumba ilikuwa imeungua, na kabla ya moto kufika waporaji walikuwa wamebeba cherehani. Walilala kwenye baraza ya watu wa msikiti, lakini watu walikuwa wamezidi.

"Tinda, manze, tunaweza kam hapo stoo?" aliniuliza. "Ni mimi, mathe na Akinyi. Siku mbili tu. Tutalala hata kwa zile gunia. Kuna mse wa lori ametuambia anaweza kutupitisha saa hii, but lazima nimwambie tunaenda wapi."

Nikamwambia angoje nimuulize mama mwenye ploti, nitampigia. Nikatoka uani. Mama Wangari alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe kwenye ungo, amenipa mgongo, na kati yetu palikuwa na hatua kumi hivi. Siku iliyotangulia nilikuwa nimesikia wanaume wakiongea naye langoni. Mmoja alisema wenye ploti waangalie sana ni akina nani wanawaweka, watu wasije wakalaumiana baadaye. Jibu lake sikulisikia, aliongea kwa Kikuyu na alikuwa amegeukia upande wa barabara. Lakini nilikuwa nimekwisha kumjibia moyoni. Mjane wa Kikuyu, mwenye ardhi, na vijana wako konani, angesema nini kingine? Nikasimama pale kwa muda ambao mtu angechukua kuuliza na kujibiwa. Maharagwe mabovu alikuwa akiwatupia kuku. Kisha nikarudi ndani na kupiga simu.

"Amekataa," nilisema.

"Ni sawa," akasema. "Usimlaumu. Hata yeye ako na hofu yake." Halafu akanishukuru kwa kuuliza.

Kwa miaka nimejitetea kwamba niliogopa, na kweli niliogopa. Wangekutwa njiani, au vijana wangewafuata hadi stoo, na sisi sote tungechomwa humo pamoja na ngoma za kanisa. Hayo yangeweza kutokea. Lakini mtu aliyeogopa tu angemuuliza mama yule, ili mzigo wa kukataa uwe wake. Mimi sikuuliza kwa sababu kuna jibu moja sikulitaka. Nilijua pia kwamba Owino akiingia stoo ile, kabla hajaweka gunia chini atataka kusikia tulipofika, na sauti ambayo angeikuta kwenye wimbo wake ni yangu. Jioni ile ile niliimba Cherehani mwanzo hadi mwisho. Beti za Kijaluo sikuweza kuzitamka vizuri, na kuziimba kwa nguvu Kawangware wiki ile kungekuwa wazimu, basi nikaweka maneno yangu ya Kiswahili. Kompyuta ilipokataa kuhifadhi, ikisema imejaa, nilitafuta cha kufuta. Kulikuwa na picha, michezo, mahubiri ya mchungaji ya miaka miwili. Nilifuta sauti ya kuongoza, nyimbo zote sita. Nilijiambia ni kawaida ya kazi, kwamba ile hutupwa siku zote. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza, ikaniuliza tena.

Wiki mbili baadaye maduka yalifunguka na Mama Wangari aliniita ninywe chai kwake. Alikuwa na chumba chenye vitambaa vyeupe juu ya kila kiti na redio iliyofunikwa kitambaa pia. Alinimiminia, akanikatia mkate, tukaongea kuhusu paa la kanisa. Kisha akauliza habari za Owino.

"Na yule kijana wako wa gitaa ako wapi siku hizi? Mama yake alikuwa anashona, si ndiyo?" Nikamwambia nyumba iliungua, na kwamba mteja mmoja wa mama huko Nyayo Highrise aliwapa sebule. Hayo niliyajua kwa kusikia tu, sikuwa nimempigia. Akaweka kikombe chini.

"Na si ungewaleta hapa? Hiyo stoo ilikuwa imekaa bure. Hao vijana wa kona mimi niliwanyonyesha nusu yao, wangenifanya nini?" Akanitazama kwa muda. "Ama uliogopa kuniuliza?"

Nikasema ndiyo, niliogopa kumsumbua. Akacheka kwa huruma na kunishika mkono, akasema sisi watoto wa siku hizi tunaheshimu watu hadi tunajiumiza. Alikufa miaka sita baadaye akiamini hivyo. Nilikuwa nimemfanya aonekane mwoga na mwenye chuki mbele ya rafiki yangu, na yeye aliendelea kunikatia mkate.

Viongozi walipokubaliana kugawana serikali, kila shirika lilitafuta vijana wa kuimba amani. Mtu wa shirika moja alifika kanisani akaambiwa kuna kijana anayefanya bendi nzima peke yake. Nikamchezea Cherehani. Kiitikio nilikuwa nimekibadilisha tayari, ni vigumu kwangu kukinukuu bila kufumba macho: tuishone nchi, kilisema, tuishone pale ilipochanika. Alitokwa na machozi. Mwezi wa tatu nikapandishwa jukwaani, mchana wa Jumamosi, kwenye kiwanja Kibera, si mbali na Makina. Walinipa fulana nyeupe. Mtangazaji aliuambia umati kwamba huyu hana kabila, huyu ana vyombo vinne na sauti moja. Ngoma na besi zilitoka kwenye kompyuta, mimi nikapiga gitaa jeusi na kuimba, na watu walishangilia kwa namna ambayo sikuwahi kushangiliwa. Naweza kusema maisha yangu ya kazi yalianza pale. Simu ya kwanza kutoka redioni iliingia kabla sijashuka ngazi za jukwaa.

Owino alikuwa amesimama nyuma ya jukwaa, karibu na jenereta. Alikuwa amekonda na amevaa shati la mtu mwingine. Nilidhani atanipiga, na nadhani ningeshukuru. Alinikumbatia. Alinyoosha mkono akagusa gitaa lake kwenye bega langu, akaona nyuzi ni mpya, akasema nimelitunza. Nikataka kulivua nimpe, akakataa, akasema mahali wanapolala sasa hata kijiko hakina pa kuwekwa, nikae nalo kwanza. Hakulichukua tena.

"Umeiimba poa," alisema. "Ile ya kushona nchi sikuwa nimefikiria. Mathe ameskia kutoka kwa barabara, anasema machine yake sasa imekuwa ya serikali." Tukacheka wote wawili, yeye kwa kweli. Halafu akaangalia chini. "Skiza, zile vocals zangu za guide, bado uko nazo? Si za kurelease. Ni mathe. Kanda zetu zote ziliungua, na hiyo machine hawezi pata ingine hivi karibuni. Anataka tu kuskia vile nilikuwa nimemwimbia."

Kompyuta yenyewe ilikuwa pale, juu ya meza ya plastiki, hatua tatu kutoka tulipokuwa, taa yake ya kijani inawaka. Lazima aliiona. Nikamwambia iliharibika wakati wa fujo, stima ilikuwa inapotea na kurudi, nikaokoa vyombo tu na sauti zake zote zikaenda. Nikaongeza kwamba ndiyo maana ilinibidi niimbe mwenyewe.

Owino aliitazama ile kompyuta, kisha akanitazama mimi. Akaniwekea mkono begani, pale penye mkanda wa gitaa lake.

"Pole sana, Tinda," akasema. "Lazima iliuma."

Nami nikamwambia asante.